Njia za Panya katika Himaya ya Kiboko

Mtemi Kiboko hakuwahi kupanda mlima. Makao yake yalikuwa pale Ruaha Mkuu unapotoka kati ya milima na kuingia tambarare, chini ya bwawa la Kidatu, upande wa Kidodi. Mchana kutwa yalionekana masikio, macho na matundu ya pua peke yake. Usiku alitoka kula majani, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekwisharudi majini. Hata hivyo himaya aliyoitawala kutoka humo ilikuwa na mikono mitatu mirefu. Mmoja ulipanda milima ya Vidunda hadi chemchemi za juu. Wa pili ulifuata bonde la Ruhembe, katikati ya miwa. Wa tatu ulikwenda kaskazini mpaka mbuga ya Mikumi, ukavuka barabara kuu iendayo Zambia.

Kilichomkosesha usingizi ni maji. Desemba 2009, ng'ambo ya milima, mto Mkondoa uliivamia Kilosa, ukabomoa nyumba na kung'oa reli, na habari zilimfikia Mtemi kwa vinywa vya ndege wapita njia, matope yakiwa yamekwisha kukauka. Akawatazama ndama wake. Akaitazama milima iliyomsimamia kichwani. Akaona kwamba mvua ikimwagika Vidunda usiku, yeye ataipata habari kwa kuamka akielea katikati ya miwa. Ndipo alipoweka walinzi kumi na wawili, wanne kwa kila mkono, na walinzi hao walikuwa vyura.

Kuwachagua vyura kulikuwa busara. Chura hunywa kwa ngozi, kwa hiyo unyevu humfikia kabla ya wengine. Haombi nyumba wala ngazi ya mshahara. Lakini ghala lake ni dogo: ni mafuta aliyoyaweka tumboni wakati wa masika, nayo hayana budi kumvusha kiangazi kizima. Akikaa kimya na kuhisi tu, ghala hudumu. Akiita, huyeyuka, kwa kuwa katika kazi zote za chura hakuna inayomla kama kuita. Tena sauti ina sheria yake. Anayetaka kusikika umbali mara mbili hana budi kuitoa kwa nguvu mara nne, na umbali mara tatu, kwa nguvu mara tisa.

Amri ya kwanza haikuijali sheria hiyo. Kila chura alitakiwa kutangaza kila alichokihisi usiku kucha: umande, ukungu, tone, upepo wenye harufu ya tope. Mwenzake aliye karibu zaidi na Mtemi aipokee sauti na kuipitisha mbele, mpaka imfikie mwenyewe majini. Chura wa nne, aliye mbali, alisema ya kwake tu. Wa tatu alisema ya kwake na ya wa nne. Wa kwanza, aliyekaa karibu na kiti, alibeba ya wote wanne, usiku baada ya usiku. Msimu haujaisha, vyura watatu waliokaa karibu na Mtemi walikuwa wamekauka kama majani ya mgomba.

Basi likatokea jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote katika hekaya hii. Waliobaki hai walikuwa wa mbali. Walikuwa wazima, wameshiba, na habari walikuwa nazo. Lakini kati yao na Mtemi palikuwa na pengo ambalo sauti haikuweza kulivuka. Mtemi akazungukwa na kimya. Nyani, katibu wa baraza, akasimama juu ya jiwe na kutangaza kwamba himaya ni shwari, kwa ushahidi kwamba hakuna anayelalamika. Na usiku uleule, juu Vidunda, bibi mmoja wa vyura alikuwa akiita mpaka koo linamwaka.

Maji yakaja bila kubisha hodi. Yakamchukua ndama mmoja.

Baraza likaitwa. Walikuwapo Nyani na wapambe wake, Ngiri, Kanga, Kobe mkongwe, na Korongo aliyekuwa ametua siku hiyohiyo akitokea kaskazini. Bibi Chura wa Vidunda naye alishuka kwa miguu yake, bila kuitwa. Nyani alitaka kumzuia kwa sababu jina lake halikuwa kwenye orodha. Kobe akamsogezea nafasi.

"Shikamoo, Mtemi," alisema Bibi. "Pole kwa msiba. Mimi niliita. Niliita usiku tatu. Naomba baraza lisiniulize kwa nini sikuita zaidi, bali liulize sauti yangu iliishia wapi. Tuna jamaa zetu kule Kihansi, kusini, kwenye milima ya Udzungwa. Vyura wadogo mno, walioishi kwa manyunyu ya maporomoko yale tu. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na maradhi ya kuvu yakafuata. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Wamerudishwa tangu 2012 kwa kuwa kuna waliowahi kuchukuliwa na kulelewa Marekani. Sisi wa Vidunda hakuna aliyetuchukua popote. Kwa hiyo nimekuja kusema mapema."

Mtemi akauliza anataka nini.

"Nataka mtu wa kuniuliza swali. Mnanitaka nitangaze kila tone, nanyi haja yenu ni jambo moja: maji yamelipita jiwe jeusi, au hayajalipita? Mleteni mtu aje na swali hilo hadi mlangoni kwangu. Nitamjibu kwa punje moja. Nyekundu yamepita, nyeupe hayajapita. Hizo kelele zingine zibaki kwangu, nazijua mwenyewe."

Nyani akacheka. Kobe hakucheka. Alikuwa ameanza kupanga vijiwe mchangani.

Korongo akaomba kusema. Akasimulia kwamba Januari 2004, kule Laikipia nchini Kenya, katika hifadhi ya Sweetwaters, aliwakuta pundamilia wamevalishwa kola na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton. Kila kola iliandika mwenye nayo amepita wapi. Pundamilia wawili walipokaribiana, kola zao zilipeana habari, kila moja ikihifadhi za mwenzake, na gari la watafiti lilipopita lilizipokea zote kutoka kwa yeyote aliyekuwa karibu. "Hakuna aliyepiga kelele kutoka upande mmoja wa nchi hadi wa pili," alisema. "Habari zilipanda miguu."

"Lakini pundamilia huenda anakotaka," Kobe akasema. "Huwezi kumwambia leo apite Vidunda. Sisi tunamtaka mwendaji anayetumwa."

Macho yakamwangukia Panya Buku, aliyekuwa nyuma kabisa akitafuna kokwa.

Alifaa. Ana mashavu yenye mifuko ya kubebea nafaka. Hutembea usiku. Macho yake ni mabovu, lakini masikio na pua havina mfano. Na ukoo wake una heshima: jamaa zake wamefunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO lilihamia mwaka 2000, wakajua kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Magawa, aliyefunzwa hapo, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akavishwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Panya Buku alilitaja jina hilo mara mbili kabla hajaulizwa.

"Magawa alikuwa na kamba," Kobe akamwambia kwa upole. "Waongozaji wawili waliishika huku na huku, naye akapita mstari baada ya mstari mpaka uwanja ukaisha. Alipaswa kupita kila mahali. Wewe, mwanangu, huna kamba, na si lazima upite kila mahali. Kazi yako ni kuchagua."

Wakakubaliana hivi. Kwa kuwa Panya haoni mbali, chura anayetembelewa ataita, naye Panya ataifuata sauti. Akifika atauliza swali, atapokea punje, kisha chura afuataye ataanza kuita. Maana yake gharama ya safari haikuwa ya Panya peke yake. Kila hatua aliyoipiga ililipwa na mafuta ya chura fulani. Hatua ikiwa ndefu, sauti ilibidi iwe kubwa. Mashavu yakijaa, Panya hujikokota, na anayemwita hukesha. Ni Bibi Chura peke yake aliyelisema hilo waziwazi siku ile, na katibu hakuliandika.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa Nyani, na ulisikika mzuri: *aliye jirani kwanza*. Popote Panya alipo, aende kwa chura aliye karibu naye zaidi. Tangu msimu wa msiba Mtemi alikuwa ameweka vyura wapya kwenye nafasi tatu zilizokuwa wazi, na wa karibu kuliko wote alikuwa wa Ruhembe. Panya akaanza huko. Hatua za mwanzo zilikuwa fupi tamu. Baraza, likisikiliza kutoka majini, lilimsikia akitoka kwa huyu na kuingia kwa yule, na Nyani akahesabu kwa vidole: wanne kabla ya usiku wa manane! Wapambe wakapiga vigelegele. Kutoka mwisho wa Ruhembe akavuka kwenda Mikumi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa karibu sasa, akashuka mkono ule wote. Ilikuwa imebaki Vidunda.

Vidunda ilibaki kwa sababu ni mlima. Kila aliyesimama tambarare, jirani yake alikuwa wa tambarare. Panya alianza kuupanda mlima akiwa na punje nane mashavuni, ulimi umekauka, na kila chura wa huko alimwita kwa muda mrefu kuliko wenzake wote. Bibi Chura, wa juu kabisa, aliita mpaka alfajiri. Kisha ikabaki safari ndefu ya kurudi, punje kumi na mbili zikining'inia. Usiku wa pili ikawa hivyohivyo, na wa tatu. Njia iliyosifiwa kwa mwanzo wake ililipwa mwishoni, tena na walewale.

Hapa nashindwa kujizuia. Mpango wowote unaoanza na aliye kando ya lami, ukaendelea kwa anayemfuata, ukisema wa mlimani atafikiwa, huwa unamfikia wa mlimani ukiwa umechoka. Haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Kanuni yenyewe yatosha. Wavidunda wamekaa juu ya milima ile vizazi na vizazi, na anayewapangia huduma akiwa tambarare ajiulize kanuni yake inawaweka wa ngapi, kabla hajajiuliza kama anawapenda.

Wanaojenga mitandao ya vihisi visivyotumia waya wanaijua tabu hii vizuri. Kihisi ni kifaa kidogo chenye betri, kinachopima unyevu, joto au mtikisiko, na sehemu kubwa ya nguvu zake huliwa na redio, si na kufikiri. Ndiyo maana badala ya kuvuta vipimo vyote hadi kituo kikuu, hutumwa programu ndogo, wakala anayehama. Huruka kutoka kifaa hadi kifaa, hufanya hesabu palepale penye vipimo, na huondoka na jibu tu. Mwaka 2001 Hairong Qi na Feiyue Wang walizipima kanuni mbili za kumpangia wakala huyo njia: aende kwa aliye karibu naye, au aende kwa aliye karibu na kituo. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis walieleza mfumo uitwao Agilla, ambao mfano wake mmoja ulikuwa mawakala wa kufuatilia moto wa nyikani. Kiangazi kinapochoma nyasi za Mikumi, mimi huukumbuka mfano huo. Kanuni ya kwanza ya Qi na Wang ndiyo ile ya Nyani. Ya pili ilipendekezwa na Ngiri, siku baraza lilipokutana tena.

Ngiri alitaka karibu kupimwe kutoka kwenye kiti. Wa kwanza awe aliye karibu na Mtemi kuliko wote, kisha anayemfuata kwa ukaribu na Mtemi, hadi mwisho. Mtemi aliipenda sana, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa kipimo. Panya akaenda kwa wa kwanza wa Ruhembe, akarudi kwa wa kwanza wa Vidunda, akakimbia kwa wa kwanza wa Mikumi, akarudi tena Ruhembe kwa wa pili. Alikuwa akikata himaya msalaba. Kila alipopumua alikuwa akipita mbele ya kiti kwenda mkono mwingine, na usiku ukaisha amewaona saba. Mpango wa Ngiri ulidumu siku mbili, nami sitaupotezea maneno zaidi.

"Kwani ziko njia ngapi?" Mtemi aliuliza kwa hasira. "Pangeni zote, tuchague iliyo bora."

Kobe akamjibu, "Vyura kumi na wawili, Mtemi, wanaweza kupangwa foleni kwa namna 479,001,600. Ukiongeza chura mmoja tu, zidisha hiyo kwa kumi na tatu. Nimezaliwa zamani, lakini muda huo sina. Tusitafute iliyo bora kuliko zote. Tutafute ile isiyomchoma mtu mmoja."

Akavuta vijiwe vyake. Hesabu aliyoifanya siku ile naieleza yote, kwa sababu ndiyo iliyogeuza mambo. Chukua mkono mmoja tu, akasema, wenye vyura wanne mstarini: wa kwanza yuko hatua moja kutoka kwa Mtemi, wa pili hatua mbili, wa tatu tatu, wa nne nne. Punje moja ikibebwa hatua moja, weka kijiwe kimoja. Panya akianza na aliye karibu, anatoka kwa wa kwanza na punje moja, kwa wa pili na mbili, kwa wa tatu na tatu: vijiwe sita. Akifika kwa wa nne anazo nne, na zote nne anazirudisha hatua nne: vijiwe kumi na sita. Jumla ishirini na mbili.

"Sasa apande mtupu," akasema Kobe. "Awapite wote kimya, aende moja kwa moja kwa wa mwisho. Aanze kuokota huko. Anashuka na punje moja hadi kwa wa tatu, mbili hadi kwa wa pili, tatu hadi kwa wa kwanza, nne hadi kwa Mtemi. Moja, mbili, tatu, nne."

Vijiwe vilikuwa kumi. Miguu ilikuwa ileile, vyura walewale, mlima uleule. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia kuokota.

Bibi Chura alivitazama vile vijiwe kwa muda. "Na tukisema sote jambo moja?" aliuliza. "Mvua ikinyesha mlima mzima, sote wanne tutampa nyekundu."

"Basi abebe nyekundu moja, akumbuke kwamba mmesema wanne," Kobe alijibu, akaondoa vijiwe sita. Vikabaki vinne.

Nyani hakupenda. Hakuzipinga hesabu, ila alitaka Panya apitie kwanza kwenye mwembe fulani wa Ruhembe, kwa sababu za kiusalama ambazo hangeweza kuzifafanua mbele ya wageni. Mwembe ulikuwa wa kwake. Tangu mpango wa kwanza Panya alikuwa akiupitia kila usiku na kumletea embe mbili, nazo zilikuwa nzito kuliko punje zote kumi na mbili. Ngiri aliyajua hayo. Kanga aliyajua. Hawakuwa wamesema kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa akitafakari ombi lake dogo.

Kabla baraza halijaamua, Bundi alimnyakua Panya Buku karibu na Kidodi, akiwa amebakiza hatua chache. Alikuwa na punje za nchi nzima mashavuni. Punje zikaenda naye.

Hofu ikaingia, na Nyani akaigeuza hofu kuwa bajeti: panya kumi na wawili, mmoja kwa kila chura, kila mmoja na posho yake na msimamizi wake, na wasimamizi atawateua yeye. Kwa nje ilionekana kuwa ni tahadhari. Kobe akauliza panya wanaokwenda juu watapita wapi. Wote, ikaonekana, wangepita kwa vyura wale wale watatu walio karibu na kiti, na vyura hao wangeita kila usiku kwa ajili ya panya wanne, kama walivyokuwa wakipitisha kelele za wanne. "Mmerudi kwenye msiba wa kwanza," alisema Bibi Chura. "Mmeuvika manyoya tu."

Panya mmoja ni mchache. Akipotea, nchi yote imepotea, na akizunguka kote hachelewi kuwa mzito. Kumi na wawili ni fujo. Wakaafikiana watatu, mmoja kwa kila mkono, kwa kufuata mabonde na si kwa kufuata vyeo: anayepanda Vidunda asitumwe Ruhembe, na wa Ruhembe asivushwe mlima. Masika, wakati mlima ndio unaozaa maji, Vidunda ingepewa wa pili. Mtemi alilikubali hilo la mwisho kwa shingo upande. Nadhani alimkumbuka ndama.

Mkono wa Mikumi ulikuwa na shida yake. Barabara kuu imeikata hifadhi ile tangu kabla haijawa hifadhi, mwaka 1964, na malori ya kwenda na kurudi Zambia hayasimami usiku kwa ajili ya panya. Njia fupi kuliko zote kwenye vijiwe vya Kobe ilivuka lami. Mwana wa Panya Buku, aliyepewa mkono ule, alikataa. Akasema atazunguka hadi kwenye kalavati na kupita chini, hata kama ni mbali zaidi. Nyani akaanza kumkemea kwa kukaidi mpango wa baraza. Kobe akachukua kijiwe kimoja, akakisogeza hadi kwenye kalavati, akasema, "Yeye ndiye aliye kule."

Nalo hilo likawa sheria kwa njia ya ajabu kidogo. Ramani ya Nyani ilikuwa imechorwa masika, mlinzi wa tatu wa Mikumi akiwa mzima juu ya bwawa lake. Kiangazi kilipokaza, chura yule alijizika matopeni akalala, kama wafanyavyo. Panya aliyefuata ramani alisimama gizani akiingojea sauti ya aliyelala, mpaka jua likamkuta. Tangu usiku ule baraza likawa linataja nani wa kutembelewa na swali ni lipi. Ampite nani, na azungukie wapi njia ikifungwa, likaachwa kwa mwendaji. Aliyeko kwenye kiti anaijua himaya yote ila anaijua kama ilivyokuwa jana. Mwendaji anajua hatua moja, lakini ni hatua ya leo.

Mvua kubwa ilinyesha Vidunda mwezi uliofuata, usiku, kama Mtemi alivyokuwa akiogopa siku zote. Panya wawili wa mlimani walipanda mashavu matupu, wakawapita vyura wote kimya. Panya wa kwanza akafika juu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Yamelipita jiwe. Usikae."

Akapokea nyekundu. Kwa chura wa tatu akasikia lilelile, akaongeza hesabu bila kuongeza punje. Chura wa pili hakuita, naye Panya akampita. Chura wa kwanza naye akasema nyekundu. Panya akateremka na punje moja kinywani na neno *watatu* kichwani, akaukuta mto bado uko chini. Mtemi Kiboko, ambaye hakuwahi kupanda kitu chochote, akawapandisha ndama ukingoni, ng'ambo ya miwa, na yeye nyuma yao. Maji yalifika alfajiri. Hayakumkuta mtu.

Asubuhi Nyani alisimama juu ya jiwe kutangaza ushindi wa ofisi yake. Baadhi walimsikiliza. Kobe alikuwa mchangani akipanga njia za mwezi mpya, na vijiwe vya Vidunda alivipanga tofauti: chura wa tatu ndiye angemwita panya kutoka bondeni, na Bibi Chura angetembelewa kila baada ya usiku mmoja, si kila usiku.

"Bibi ndiye mwenye habari za mapema kuliko wote," Mtemi akasema. "Kwa nini unampunguza?"

"Ameita mno miezi hii. Tumbo lake limeingia ndani. Nikimwita kila usiku kwa sababu ni hodari, masika ijayo sitakuwa naye."

"Nani amempima tumbo?" Nyani akauliza kutoka jiweni.

"Panya," akasema Kobe bila kuinua kichwa. "Sasa kila anakofika anauliza maswali mawili."